Msusi, Mtangazaji na Albamu ya Andagraundi

Kibanda cha muuza muziki kilikuwa kimefurika watu, spika zikinguruma albamu aipendayo msusi, pale aliposikia sauti nzito nyuma yake: "Albamu nzuri, lakini si klasiki."

Akageuka kama aliyetukanwa, gauni la bluu likizunguka naye, chanuo bado limechomekwa kwenye nywele. "Nani kakwambia?"

"Nasema mwenyewe," akajibu kijana wa shati jeupe. "Hip hop ya andagraundi, imerekodiwa chumbani kwa mtu, nakala mia mbili tu. Nani anaijua?"

"Mimi naijua. Sitoshi?"

Kijana akacheka hadi akashika tumbo. Kumbe ndiye mtangazaji wa kipindi cha muziki kisichozimwa saluni kwake! Wakapeana namba, na ubishi ukahamia kwenye simu.

"Bado si klasiki, mpenzi," kijana alimchokoza, mwezi wa tatu wa mapenzi yao.

"Basi ngoja nikwambie, laazizi." Na msusi akamweleza ambalo hakuwahi kumweleza mtu: miaka minne hakusemezana na baba yake, hadi wimbo wa saba wa albamu ile ulipomliza, akapanda basi kwenda kumwona. Baba aliishi siku tisa tu baada ya hapo.

Alhamisi, mjadala ukafika redioni. Safari hii mtangazaji aliitetea albamu. Wageni walipombana na hoja zikamwishia, akasema, "Namjua msusi mmoja..." Akamwaga yote, hata zile siku tisa.

Redio ya saluni ilikuwa ikisikika kama kawaida. Wateja wakamtazama msusi. Mama yake akapiga simu akilia: "Mwanangu, ya baba yako ni ya kutangazwa?"

Mtangazaji alipiga mara kumi na moja. Hakupokelewa. Jumamosi akaja mwenyewe, akakaa kwenye benchi kati ya kina mama, akangoja zamu kama wao.

"Unasuka?" msusi aliuliza, uso mkavu.

"Naomba radhi. Nilitaka kushinda, nikachukua kisicho changu."

"Ulishinda?"

"Wote walikubali ni klasiki. Nikarudi nyumbani naona aibu."

Msusi akamtazama: ndevu hazijanyolewa, macho mekundu. Moyo ukamlainika, ulimi bado. "Anza kwa mama. Ukimaliza naye, ndipo uje kwangu."

"Na posa niibebe siku hiyo hiyo?"

Benchi zima likapiga vigelegele. Msusi akajikaza asicheke, akashindwa.

"Ukichanganya radhi na posa, mama atakutimua! Radhi kesho. Posa..." akahesabu kwa vidole, "wiki mbili. Nimalize kwanza maharusi wa watu."