Pampu Tatu za Profesa

Profesa wa fedha alikutwa asubuhi ameketi sakafuni ofisini kwake chuoni, mgongo umeegemea meza, mkono mmoja ndani ya droo iliyovutwa hadi mwisho. Midomo ilikuwa imegeuka buluu. Mfagizi aliyemkuta alikuwa bado amesimama koridoni na ndoo yake, kila akiambiwa akae anakataa.

"Pumu," alisema daktari wa polisi akivua glovu. "Hakuna jeraha, hakuna alama shingoni. Kifo cha kawaida, Inspekta. Mkuu wa chuo anataka mwili utoke leo hii."

"Mkuu wa chuo anataka mengi."

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi asiyependa kuharakishwa, na kwa tabia hiyo alikuwa amejichumia maadui kuanzia makao makuu hadi mochwari. Alizunguka chumba taratibu. Mifuko ya koti la marehemu ilikuwa imegeuzwa nje. Vitabu vya rafu ya chini vilikuwa vimemwagwa.

"Wezi?" aliuliza koplo wake.

"Wezi gani hao wanaoacha saa na kompyuta? Aliyepekua ni mwenyewe. Tazama vumbi la vitabu viganjani mwake. Alitafuta kitu mahali patatu, na kote akakikosa."

Mjane aliwapokea sebuleni akiwa amevaa kandambili za mumewe.

"Mume wangu akose dawa?" Alicheka, na kicheko kile kilikuwa kibaya kuliko kilio. "Afande, huyo mtu alikuwa na miwani mbili, funguo jozi mbili, hata miavuli miwili! Maisha yake yote aliwahubiria wenye benki wasiweke kinga yao yote mahali pamoja. Kule ofisini alikuwa na pampu tatu za pumu. Moja kwenye koti, moja kwenye droo, moja nyuma ya vitabu."

"Hiyo ya nyuma ya vitabu nani aliijua, mama?"

"Mimi. Na Kivuli."

Kivuli ndilo jina ambalo wanafunzi walimbandika mhadhiri kijana aliyefuatana na Profesa kila aendako. Profesa alimsomesha, kisha akaliweka jina lake kando ya la kwake kwenye utafiti mkubwa wa mageuzi ya benki, ule uliozaa sheria mpya.

"Amekula mezani kwangu kama mwanangu," alisema mjane. "Na leo mzee alikuwa aende mbele ya kamati ya bunge, kusema utafiti ule una kosa. Walipima hatari ya kila benki peke yake. Hawakupima jinsi moja ikianguka inavyoziburuta nyingine. Wiki nzima alikuwa akikesha kule ofisini."

Kisha akaeleza jinsi mumewe alivyokusudia kulisema jambo hilo. Inspekta alisikiliza hadi mwisho, akamshika mkono.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja na feni iliyogoma. Kivuli alifika amefunga tai.

"Ulimwona mara ya mwisho lini?"

"Jana jioni, baada ya kipindi chake. Alikuwa mzima."

"Mligombana?"

"Wasomi hujadiliana, Inspekta."

"Bahati mbaya tu, basi. Pampu moja ilikuwa nyuma ya vitabu, imejaa dawa. Tumeikuta asubuhi. Mkono wake haukuifikia."

"Haiwezekani."

Alilitamka upesi, kama mwalimu anayesahihisha mtihani.

"Kwa nini haiwezekani?"

Inspekta hakuwa amekuta pampu yoyote. Lakini alikwisha kukaa na wasomi wa kutosha. Mwizi wa kuku angeipokea habari ile na kumshukuru Mungu kimoyomoyo. Msomi akisikia takwimu mbovu, ulimi unamwasha.

"Pampu ziko wapi?" aliuliza Inspekta.

Kivuli aliinamisha kichwa. "Kwenye gari langu. Chini ya kiti. Alipokwenda darasani koti aliliacha ofisini. Nilijua akikasirika kifua kinambana. Aliporudi nikamkasirisha."

"Na simu yake?"

"Nilikuwa nimeishika mimi."

"Ukakaa ukimtazama?"

"Kwenye kiti cha wageni. Mpaka alipotulia."

Koplo aliweka kalamu chini. Inspekta alisukuma kiti chake nyuma.

"Kwa nini?"

"Mwezi ujao nilikuwa niapishwe kuwa mkuu wa usimamizi wa benki. Nimesota kwa kumbebea mkoba yule mzee! Yeye anastaafu. Akisimama kusema tumekosea, watamsifu kwa ukweli wake. Mimi ndio kwanza naanza. Nani angenipa hata kazi ya kupanga viti?"

"Naye alikujibu nini?"

"Alijaribu kusema kitu. Pumzi haikumtosha. Nilidhani anaomba dawa."

"Mkewe ameniambia alichotaka kuieleza kamati. Kwamba kosa ni lake peke yake. Kwamba wewe ulimwonya tangu mwanzo, akakupuuza kwa kiburi."

Kivuli alikunja uso. "Lakini sikumwonya. Hilo kosa sikuwahi kuliona."

"Najua. Na mjane anajua. Alikuwa tayari kusema uongo kwa ajili yako."

Kivuli alilegeza tai. Akaomba maji, na koplo akaenda kumletea.