Pikipiki ya Anayeanza

Jua lilikuwa linazama Shangazi alipozima pikipiki yake mbele ya geti la bati. Nyuma yake akashuka mpwa wake, Chapchap, aliyepewa jina hilo kwa sababu hata chai huinywa amesimama. Alikuwa mtoto wa pekee wa marehemu kaka yake. Mama wa kijana alikubali anunuliwe pikipiki ya spoti kwa sharti moja tu: aichague Shangazi, maana Shangazi ndiye mwalimu wa udereva.

"Wifi, namkabidhi kwako," alikuwa amesema. "Unirudishie alivyo."

Pale getini Shangazi akamkazia macho kijana. "Najua utatamani yenye kishindo. Ya kwanza inatakiwa iwe nyepesi, injini ndogo, na miguu yote miwili ikanyage chini. Ukibisha tunageuza."

"Leo mimi bubu, shangazi."

Geti likafunguliwa na mama mmoja mrefu, macho mekundu.

"Karibu, Mwalimu," akasema taratibu.

Hakuna aliyekuwa amemwambia kazi ya Shangazi.

Pikipiki iliyokuwa inauzwa ilikuwa uani, chini ya turubai. Nyekundu, haina hata mkwaruzo. Chapchap akaikalia, nyayo zikatua chini zote mbili. Shangazi akaiyumbisha kushoto na kulia, akaiona nyepesi, akafurahi moyoni. Likabaki jambo moja analowafundisha wanafunzi wake wote: gusa injini kabla haijawashwa, kwa sababu muuzaji mjanja huipasha moto mapema ili kuficha ubovu. Akainama, akagusa.

Ya moto.

"Nani ametoka kuiendesha?"

"Hakuna. Ni ya mwanangu. Aliinunua, homa ikamshika wiki hiyohiyo, akafariki. Hakuwahi kuiendesha hata mara moja."

Harufu ya udongo mbichi ikampiga Shangazi puani. Mvua haikuwa imenyesha kwa miezi.

"Sasa mbona..."

"Wazee walinikataza nisimwite akishazikwa," mama akanong'ona. "Nikamwita. Sasa kila jioni ananiomba nimtafutie mwalimu."

Nywele zikamsimama Shangazi. "Baba, shuka hapo. Twende!"

Akatoka mbio, akapanda pikipiki yake, akavaa kofia ngumu, akawasha. Shokapu za nyuma zikabonyea kwa uzito wa aliyepanda. Yeye na Chapchap walikuwa na ishara yao: akishakaa vizuri, kijana humgonga bega la kulia mara mbili, ndipo waondoke.

Akagongwa mara mbili. Lilikuwa bega la kushoto, lakini kwa woga aliokuwa nao hakujali. Akaondoka.

Njiani mikono ilimkumbatia kiunoni. Baridi yake ilipenya sweta.

"Umeshika vizuri?"

Mikono ikamkaza zaidi.

Simu ikatetemeka mfukoni. Akasimama kando ya barabara, akaipokea.

"Shangazi, mbona umeniacha? Mimi navaa kofia, wewe unaondoka!"

"Uko... uko wapi?"

"Si hapa getini!"

Mikono bado ilikuwa kiunoni mwake.

Hakugeuka kutazama. Alitaka kuitupa pikipiki akimbie, apige kelele mpaka watu wajae. Lakini angemwambia nini wifi yake? Kilichomtisha kuliko mikono ile ni kufika nyumbani bila mtoto wa watu. Akageuza, akarudi huku machozi yakimtoka ndani ya kofia. Katikati ya safari mkono mmoja ukamwachia. Kisha wa pili. Pikipiki ikawa nyepesi ghafla.

Getini hapakuwa na taa. Chapchap alikuwa amejibanza ukutani. Shangazi akammulika usoni.

"Chai unakunywaje?"

"Nimesimama. Kwani vipi, shangazi? Maswali gani haya?"

Ni yeye. Ni mtoto wao. Shangazi nusura amkumbatie, lakini hakutaka kukaa pale hata dakika moja.

"Panda, baba. Panda haraka."

Shokapu zikabonyea. Bega la kulia likagongwa mara mbili. Shangazi akashusha pumzi, akatia gia.

Shokapu zikabonyea tena.

"Chapchap... ni wewe unajisogeza?"

"Sijasogea, shangazi."

Harufu ya udongo mbichi...

Bega la kushoto likagongwa. Mara mbili.