Aliyepandia Ukutani

Nilikwenda kuchukua brashi zangu za rangi tu. Jua lilikuwa linazama nyuma ya kilima, theluji ya barabarani imeanza kuganda, na nyumbani nilikuwa nimeacha supu ya kuku na mahindi kwenye moto mdogo. Nikajiambia, naingia, nachukua, natoka.

Chama chetu cha reli ndogo, hizi za mezani, kilikuwa kimehamia kwenye kinu cha zamani cha unga. Ghala la stesheni tulilolitumia tangu ujana wetu lilibomolewa ili pawe maegesho ya magari. Basi tukaikata reli yetu vipandevipande, milima, mto na mji mzima, tukaipakia kwenye gari la farasi la kaka yangu mdogo Irvin, tukaja kuiunga upya. Watu walitucheka. Eti wazee wazima wanahamisha vitreni! Wacheke mpaka mbavu ziwaume. Kila nyumba kwenye meza ile ni nyumba ya kweli ya kwetu huku Pennsylvania, na kila mtu aliyesimama kwenye jukwaa la stesheni ni mwanachama. Ni visanamu nilivyovichora kwa rangi mimi, Verna Reber, kwa mkono wangu, virefu kama ukucha wa kidole gumba.

Mwanachama akifa, tunamtoa jukwaani na kumkalisha dirishani, katika behewa la mwisho la treni ya jioni. Mume wangu Mahlon anasafiri humo tangu mwaka juzi. Ni utani wetu, lakini hakuna anayeucheka.

Tatizo la kinu lilikuwa ukuta. Chumba kilikuwa kifupi, treni hazina pa kugeukia. Luther, fundi wetu wa umeme, akasema tutoboe ukuta wa mbao ili reli ipite, izunguke kwenye stoo ya nyuma, irudi. Akapima, akachora duara. Katikati ya duara palikuwa na kigingi cha mti, kimepigiliwa ndani ya boriti mpaka kikalingana nayo.

"Hicho usikiguse," nikamwambia.

"Kwani kinauma?"

"Bibi yetu alikuwa akivipigilia hivyo. Mtu akiandamwa na kitu kibaya, wanatoboa mti, wanakitia humo pamoja na nywele za mtu huyo, wanaziba kwa kigingi. Unajua vizuri, Luther. Hata kwenu vimo."

"Kwetu vimo, na paa linavuja vilevile."

"Sogezeni tundu upande wa dirisha basi."

Irvin akakuna kidevu. "Dada, tukilisogeza, kona itakuwa kali. Treni ndefu itaanguka kila ikipita hapo."

Tukapiga kura, nikashindwa. Hilo ni kosa la watu wa reli peke yao. Waliiogopa kona kali kuliko kile kigingi.

Irvin mwenyewe ndiye aliyeking'oa kwa koleo. Ndani mlikuwa na kishungi cha nywele za kijivu. Akazipuliza, zikapotea hewani. Chumba kizima kikanuka nywele zilizoungua, na hapakuwa na moto popote.

"Panya," alisema Luther.

Panya gani anaungua?

Sasa jioni hiyo ya brashi, tundu limeshatobolewa na reli imeshapita, nikafungua mlango wa kinu, na kabla sijagusa swichi ya taa nikasikia...

Tiki-tiki. Tiki-tiki. Tiki-tiki.

Magurudumu kwenye maungio ya reli.

Nikadhani Luther yumo. Nikaita. Nikawasha taa. Plagi ya umeme wa reli ilikuwa sakafuni, imechomolewa, na treni ya jioni ilikuwa inashuka mlimani taratibu, taa zake zinawaka.

Ikanipita mbele ya tumbo. Behewa la mwisho. Mahlon dirishani, na kofia yake ya bluu.

Kando yake alikaa Irvin.

Nikageuka kutazama jukwaa. Mahali pa Irvin palikuwa na doa la gundi tu.

Na nyuma yao, kwenye kiti cha mwisho kabisa, alikuwepo mwingine. Wa kijivu. Sikumchora mimi. Wangu wote nawapa uso, hata wale nisiowapenda. Huyu hakuwa na uso.

Treni ikaingia tunduni. Ikasimama humo humo.

Simu ikalia mfukoni, nusura niiangushe.

"Verna, uko wapi?" Alikuwa Luther, anahema. "Irvin kaanguka zizini. Anapumua lakini hazinduki. Tunangoja gari la wagonjwa. Njoo, mama, njoo haraka."

"Kaanguka saa ngapi?"

"Sasa hivi! Maswali gani hayo?"

Nikakata simu. Ningeweza kukimbilia kwa kaka yangu. Lakini kaka yangu hakuwa zizini, na mimi nilijua yuko wapi.

Ile harufu ya nywele ikarudi. Tundu likasema.

Lilisema kile Kijerumani cha mashambani cha bibi zetu. Kwa upole, kama mtu anayekuomba umpishe njiani.

"Nipe wa dirishani..."

Likaendelea.

"Nipe yule wa kofia ya bluu. Amekwisha kufa, hutapungukiwa. Nitakurudishia ndugu yako."

Nisiseme uongo, nilishawishika. Mama yetu alipofariki Irvin alikuwa hajaanza shule. Mimi ndiye niliyemlea. Na Mahlon ni kweli amekufa. Nilimfunga vifungo vya shati la mwisho mimi mwenyewe. Kungekuwa na ubaya gani? Ningesema ndiyo tu, nikaenda nyumbani kunywa supu.

Ndipo hasira zikanipanda. Mtu anakaa ukutani miaka yote hiyo, anatoka leo, na jambo la kwanza ni kunichagulia nani wa kumtupa!

"Nani kakwambia wafu wangu ni chenji?" nikasema.

Nikalisogelea tundu.

"Sikupi aliye hai. Na aliyekufa sikupi. Umesikia? Hata kofia yake huipati."

"Basi njoo... uwachukue..."

Sisi watu wa reli ndogo tuna jina la mkono. Treni ikianguka, mtu akainyanyua kwa vidole, tunasema imekuja kreni ya vidole vitano. Nikakunja mkono wa sweta. Nikaiingiza kreni yangu tunduni, mpaka kiwiko, mpaka bega, shavu langu likagusa mbao za ukuta.

Upande wa pili ni stoo. Nilikuwa nimeifagia mwenyewe. Lakini mkono wangu haukufika stoo. Ulifika mahali penye baridi, penye upepo, panapanuka tu.

Kitu kikanishika vidole.

Kimoja kimoja.

Nikapiga kelele, na sikuiachia nafasi hofu. Nilitukana kwa Kijerumani, nikatukana kwa Kiingereza cha shule, nikatukana matusi ambayo Mahlon hakujua kwamba nayajua. Nikapapasa. Nikagusa paa la behewa. Nikalikamata, nikavuta, mguu mmoja nimeukanyagia ukutani.

Likatoka.

Nikang'oa paa kwa kucha. Nikamtoa Irvin, nikamtia gundi, nikamsimamisha jukwaani, nikamshikilia mpaka gundi ikakauka. Kucha zangu za mkono ule zilikuwa zimegeuka kijivu. Mpaka leo ziko hivyo.

Simu ikalia tena.

"Kaamka!" Luther alikuwa analia. "Kaamka, anaomba maji!"

"Mpe," nikasema, nikakaa sakafuni.

Nilipofika kwake Irvin alikuwa kitini, kajifunika blanketi. Akangoja Luther aende jikoni. Akaninong'oneza.

"Dada, Mahlon alikuwa amenishika mkono muda wote."

"Najua."

"Hakutaka nigeuke nyuma. Nani yule aliyekuwa nyuma yetu?"

Nikamvutia blanketi mabegani. Wenye kinu wa kwanza wamekufa bila kuacha mtoto wa kuulizwa.

Tundu tumeliziba. Reli sasa inapinda karibu na dirisha, na ile kona ni kali kweli, treni ndefu zinaanguka, tunaziokota. Lakini kuziba tundu hakukumwondoa yule wa kijivu. Amebaki kitini mwake ndani ya behewa. Nilijaribu kumbandua, kisu kikavunjika. Luther akasema tulichome behewa zima.

"Na Mahlon je?" nikamuuliza. Akatazama viatu vyake.

Irvin akasema tuhame tena.

"Hatuhami," nikawaambia. "Tumeshabeba mji huu mara moja, mgongo bado unaniuma. Ahame yeye."

Ila kuna jambo. Kila tunapofungua kinu, yule wa kijivu amebadili kiti. Hatumwoni akisogea. Alikuwa nyuma kabisa, sasa amefika nyuma ya Mahlon, anaelekea mlangoni. Treni ile tumekubaliana isisimame stesheni kamwe, asije akashuka, lakini treni haisimami kwa kupenda kwetu tu. Pale konani huanguka.

Jumamosi iliyopita nilijing'oa jukwaani, yaani kisanamu changu. Irvin alinisihi nisifanye, akaniambia humo ni kwa waliokufa, haijawahi kutokea. Nikamwambia sasa imetokea. Nikajipaka rangi upya, nikajinyoosha mikono yote miwili, nikajisimamisha ndani ya behewa, mgongo mlangoni, uso kwake.

Tangu siku hiyo, nikilala, nasikia tiki-tiki chini ya mto. Nywele zinaungua mahali fulani gizani. Na kuna pumzi, baridi, usoni pangu kabisa, ya mtu anayengoja nisogee kidogo tu apite.

Atangoja sana.