Kijiwaya Kilichokataa Kuyeyuka

Kila Jumamosi asubuhi Milembe alikwenda karakana ya mjomba wake Bujiku, jirani na soko la Bariadi, kumsaidia kuyeyusha alumini chakavu na kuimimina kwenye kalibu, yaani kusubu sufuria. Mlangoni palining'inia kibao: HAPA HAKUNA KISICHOYEYUKA.

"Mwangaluka, mjomba!"

"Mwangaluka, mpwa wangu. Mbona leo umekuja na balbu mbovu?"

Mdomo ulikuwa umemponza. Alikuwa amejigamba darasani kwamba moto wa mjomba wake unayeyusha hata kijiwaya cha ndani ya balbu, na kwamba Jumatatu angeleta ushahidi.

Walikifunika kijiwaya kwa unga wa mkaa ndani ya chungu cha kuyeyushia, wakavukuta moto mpaka jasho likawatiririka. Chungu cha pili, chenye alumini chakavu, kilikuwa uji mtupu. Kijiwaya kilitoka kimepinda kidogo tu. Milembe alitamani kulia.

"Si uchukue tone la alumini?" rafiki yake Shija, aliyekuja naye kutazama, alimnong'oneza. "Nani atajua?"

Milembe akaokota tone lililopoa, akalifunga kwenye karatasi pamoja na kijiwaya.

Jumatatu Mwalimu Mektilda alimwita mbele. Milembe alifungua karatasi, na aibu ikamshika kabla hajachekwa.

"Mwalimu, tone hili ni alumini. Kijiwaya kimetushinda. Hiki hapa, kizima."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akainua mkono, wakanyamaza.

"Milembe, mama yako hutengeneza majiko ya udongo. Huuyeyusha?"

"Hapana, Mwalimu. Huukanda, huushindilia, kisha huuchoma ukashikana."

"Basi! Metali hii ni tangsteni, na moto wa mkaa hauiwezi. Wapo wanaoiyeyusha kwa umeme mkali, mahali pasipo na hewa, lakini ni kazi nzito. Waya kama huu huanza kama unga. Unga hushindiliwa, ukachomwa bila kuyeyuka mpaka chembe zikashikana, ndipo ukavutwa kuwa waya."

"Kumbe ni kama jiko la mama!" Milembe aliruka kwa furaha.

"Ndiyo. Ungetudanganya kwa lile tone, tungekupigia makofi na kurudi nyumbani na ujinga wetu. Ukweli wako ndio uliotufundisha."

Makofi yakalipuka, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Shija.

Jioni Milembe alimsimulia mjomba wake yote. Bujiku alicheka hadi machozi, akachukua chaki, akapanda juu ya kigoda.

"Njia ya mwongo ni fupi, mpwa wangu," alisema. "Wewe umesema kweli mbele ya darasa zima. Mimi nitashindwa kurekebisha kibao?"

Akaongeza chini yake: ISIPOKUWA TANGSTENI.