Nani Ndugu Yangu

Niliitwa jioni, jua bado liko kwenye mnara wa kanisa, nipeleke pingu ya farasi kwa akina Gvozden, jirani zangu. Marehemu baba alikuwa mhunzi, na pingu aliyoifua ndiyo pekee iliyobaki katika mji wetu, Vrelnik nzima. Farasi wenyewe waliisha zamani. Siku hizi inafunga watu.

Kwanza niwaambie hawa watu wa Vrelnik ni wa namna gani. Pale sokoni kuna sanamu moja. Mwili ni uleule tangu enzi za babu zetu, kichwa ndicho kinachobadilishwa. Kilikuwa cha mfalme, kikaja cha jenerali, kikaja cha mkubwa wa chama, sasa ni cha mtakatifu. Kila kichwa kipya kikifunuliwa, makofi ni yaleyale. Wakilewa utadhani waliwafukuza Waturuki kwa mikono mitupu. Mdomo tu! Hawa hata jogoo hawamfukuzi.

Gvozden alikufa asubuhi ile. Mdogo wake, Radenko, alizaliwa Machi kama yeye, miaka minne baadaye. Kwetu, ndugu waliozaliwa mwezi mmoja, akifa mmoja, wa pili humfuata upesi, asipofunguliwa. Basi mguu wa aliye hai hufungwa pamoja na wa maiti, naye anaita mara tatu kabla jua halijazama. Akipatikana mtu wa kumwitikia, huyo anageuza ufunguo na kuwa ndugu yake badala ya marehemu.

"Atakayefungua asiwe wa Machi," alisema mkunga mzee, Bibi Petrija, akipokea pingu mlangoni. "Akiwa wa Machi, kifungo kinamhamia."

Ndani kulinuka nta ya mishumaa na ngano ya kuchemsha wanayolishwa waombolezaji. Na kitu kingine... udongo mbichi. Petrija alifunga pamoja kifundo cha mguu wa Radenko na cha maiti.

Kach.

"Kwa jina la Mungu, nani ndugu yangu?" Radenko akaita.

Waombolezaji thelathini wakatazama viatu vyao. Meya Tihomir akakumbuka presha yake. Padri alikuwa ametoka nje kuvuta sigara. Wallahi, hata kutafuna hawakuacha!

"Kwa jina la Mungu, nani ndugu yangu?"

Mnyororo wa pingu ukalia. Radenko hakuwa amejitikisa.

Chini ya shuka, mguu wa maiti ulikuwa unajikunja... taratibu...

"Dada Stamenka," Radenko alininong'oneza. Midomo ilikuwa imemkauka. "Ananivuta."

Niliwaka hasira. Mwanamume yule aliwachanjia kuni majirani hao wote, bure, miaka na miaka. Leo hana hata mmoja?

"Mimi hapa, ndugu yako!" nikasema. "Cheti changu kinasema Juni. Nyie endeleeni kula."

Nikageuza ufunguo. Ubaridi ulinipanda hadi begani. Wote wakashusha pumzi kwa mpigo mmoja, na meya akaanza kupiga makofi. Wakapiga wote.

Petrija alinisindikiza hadi langoni. Hakunitazama usoni.

"Wewe ni wa Machi, mwanangu. Nilikupokea kwa mikono hii, theluji ikiwa kiunoni. Baba yako alikwenda kukuandikisha Juni, barabara ilipofunguka."

"Nani mwingine anajua?"

"Wote."

"Mbona hamkusema?"

"Hukuuliza."

Kesho yake tulimzika Gvozden. Pingu niliitia ndani ya jeneza mwenyewe, nikatema mate kufukuza nuksi, nikaona kifuniko kikipigiliwa misumari.

Jioni ya tatu nilikuwa nakata kabichi. Kifundo cha mguu kikaingiwa na baridi. Nikainama. Alama nyekundu, ya mviringo, ilikuwa imenizunguka.

Kwenye ngazi... kach... kach...

Harufu ya udongo ikajaa jikoni.

Nilikimbilia dirishani. Mtaa mzima ulikuwa nje kwenye mabenchi, wanakula mbegu za alizeti.

"Kwa jina la Mungu, nani ndugu yangu?"

Wakanyanyuka. Wakakung'uta maganda mapajani, wakaingia ndani mmoja mmoja na kufunga madirisha.

"Kwa jina la Mungu, nani ndugu yangu?"

Likabaki moja tu. La Radenko. Aliniona. Machozi yalikuwa yanamtoka, hilo simnyimi. Akalifunga polepole, ili lisipige kelele.

Mlango wa jikoni ukafunguka nyuma yangu. Niliita mara ya tatu mpaka koo likachanika, na nikawatukana wote kwa majina ya baba zao.

Safari hii nikaitikiwa.

"Mimi hapa, dada," alisema Gvozden.

Vrelnik nzima, aliyekuwa na moyo wa kuniitikia ni maiti.