Vidole Vitatu vya Fundi Kaseti

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1984, na mji mzima uliimba wimbo mmoja. Magitaa yalianza kwa kuitana, tarumbeta ikadakia, na miguu ya msikilizaji haikungoja ruhusa ya mwenyewe. Asiyekuwa na santuri alipanga foleni sokoni kwa fundi kaseti, kijana mwembamba wa shati la maua, aliyemrekodia kila mteja nyimbo kumi azipendazo.

Foleni hiyo ndiyo iliyomsukuma mshonaji mmoja, aliyevaa gauni la manjano, hadi akaiangukia meza ya fundi. Mkasi uliokuwa mkononi mwake ukamchana fundi kiganja.

"Dada, hata hatujasalimiana, umekwisha kuimwaga damu yangu?"

"Nirekodie kwanza, utakufa baadaye."

Fundi alicheka, naye akapendwa papo hapo, ijapokuwa mshonaji aliificha siri hiyo kwa kununa. Alimwachia kaseti kuukuu ya kurekodia na orodha ya nyimbo.

Fundi alipoisikiliza kaseti ile, alimkuta mwanamke akiimba huku masufuria yakigongana. Alitambua kwamba sauti ya namna hiyo haifutwi. Akarekodi nyimbo kumi kwenye kaseti nyingine iliyofanana nayo na kumkabidhi mshonaji, kisha akaihifadhi ile ya zamani kwenye droo ya meza bila kumwambia neno, ili apate sababu ya kumwita tena. Mapenzi yana upumbavu wake.

Jioni ile, kaka yake mshonaji, mpasua mawe, alitaka kuisikia sauti ya marehemu mama yao. Ilikuwa kwenye kaseti moja tu duniani, ambayo dada yake aliichukua kabatini bila kuitazama. Mshonaji alipoileta kaseti aliyopewa na fundi na kuicheza, yalisikika magitaa; wakaamini mama amefutwa.

Asubuhi, nyundo ilitangulia salamu. Pigo la kwanza lilipasua spika, la pili likaponda mashine. La tatu lilivunja meza pamoja na vidole vitatu vya fundi vilivyokuwa juu yake. Fundi alipojaribu kusema, ngumi ilimjaza kinywa damu na jino. Mpasua mawe akamgeukia dada yake na kumwuliza kama inatosha.

"Mpige," alisema mshonaji. "Amemwua mama mara ya pili."

Akapigwa mpaka foleni nzima ikatawanyika.

Miezi miwili baadaye, simu ililia katika duka la ushonaji.

"Ni mimi. Usikate."

"Una la kuniambia?"

"Sina. Sikiliza."

Mama akaimba. Masufuria yaligongana nyuma yake, na sauti ilikwaruza pale utepe uliposagwa na nyundo, kisha ukaungwa vipande kumi na tisa kwa mkono wa kushoto.

Mshonaji alikimbia sokoni, uzi ukining'inia shingoni. Alimkuta fundi na vidole vilivyopinda kama misumari iliyong'olewa.

"Kwa nini hukunipa siku ileile?"

"Nilitaka urudi."

"Mjinga wewe."

"Na ulirudi, mpenzi. Na nyundo."

Mshonaji hakucheka. Alivuta kigoda, akaketi upande wa fundi, akapokea kaseti ya mteja aliyekuwa mbele na kuuliza kitufe cha kurekodia ni kipi.

"Nilikuvunjia vitatu," alisema, akiitandaza mikono yake mezani. "Nakulipa kumi. Ukinioa, havitarudi nyumbani kwetu."

Fundi alimwonyesha kitufe chekundu. Mshonaji akakibonyeza.