Kochi la Mahameli ya Kijani

Jua lilikuwa linakaribia kuzama fundi makochi alipobisha geti la nyumba ile, begi la vifaa begani. Kwenye simu aliambiwa kazi yenyewe ni ndogo. Kochi limefumuka mgongoni, lishonwe. Hata saa nzima haiishi.

Mtaani walimwita Mtaliano. Italia hakuwahi kuikanyaga, na ndege alizijua kwa kuzitazama juu tu. Jina lilitokana na kazi. Hapakuwa na fundi aliyemshinda kwa makochi ya Kitaliano: miguu iliyopinda kama ya paka anayejinyoosha, mbao zilizochongwa maua na kupakwa rangi ya dhahabu, migongo minene iliyojaa vifungo. Mteja alimletea picha, naye alimtolea kochi ambalo wageni waliogopa kulikalia, wakabaki wamesimama kama walioitwa kwenye usaili.

Kazi hiyo aliifanya na mkewe. Yeye mbao na springi, mkewe sindano. Mkewe alikuwa mashoto, na mishono yake yote ililala upande wa kushoto. Mtaliano alikuwa akimtania, "Mama, mishono yako imelewa." Mkewe anajibu bila kuinua kichwa, "Imelewa lakini haianguki."

Miezi saba ilikuwa imepita tangu amzike.

"Karibu, fundi," alisema mwenye nyumba, mama wa makamo aliyevaa gauni jeusi. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama ndani kuna mgonjwa aliyepata usingizi sasa hivi.

Sebule ilimfanya Mtaliano asimame mlangoni. Meza za marumaru nyeupe. Kioo kirefu kuliko mtu, fremu yake nakshi tupu. Mapazia mazito yaliyoburuza sakafuni, na taa ya vioo ikining'inia kama tone kubwa la maji. Kila kitu kilikuwa kipya, kimepangwa kikapangika. Isipokuwa kochi moja la zamani katikati, la mahameli ya kijani. Vitu vingine vyote vilikuwa vimelielekea lenyewe.

Halafu ile harufu…

Mafuta ya karafuu. Mafuta ambayo mkewe alimchua nayo kifuani mwaka juzi, alipokuwa akikohoa damu na hospitali wakasema arudishwe nyumbani, akae na watu wake.

"Limefumuka hapo nyuma," mama alisema. "Shona tu, fundi. Usifungue."

"Mama, lazima nione ndani pana nini. Pengine springi imekatika."

"Pana sponji," alijibu haraka. "Shona tu." Akaenda kuwasha taa ya korido, maana giza lilikuwa linaingia.

Mtaliano akapiga magoti nyuma ya kochi. Alikuwa amefanya ufundi miaka ishirini, na kitambaa kilichochanika alikijua. Kitambaa huchanwa na msumari, na kucha za paka, na watoto. Hiki kingo zake zilitokeza nje.

Kilichanwa kutoka ndani.

Akaweka kiganja juu ya mahameli. Ilikuwa ya moto, kama mahali alipoinuka mtu muda huohuo. Akatazama kushoto na kulia. Sebuleni alikuwa peke yake.

Angeshona akaondoka. Lakini mkono wa fundi una ukaidi wake. Akatoa mkasi, akakata uzi mmoja. Wa pili. Wa tatu. Akafunua kitambaa, akaona mishono ya ndani.

Yote ilikuwa imelala kushoto.

Akaingiza vidole, akavuta. Kikatoka kipande cha shati la bluu, chenye madoa yaliyokauka na kuwa meusi. Lilikuwa shati lake, alilolikoholea damu, ambalo mkewe alimwambia amelichoma moto. Shati lilikuwa limefungwa kwa msokoto wa nywele. Na nywele zile alizijua. Alikuwa akizisuka mwenyewe Jumapili, vibaya, wakicheka.

"Nilikwambia usifungue."

Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa na hasira. Machozi yalikuwa yanamtoka tu, kimyakimya, kama mtu aliyeyazoea.

"Mke wangu alifika hapa?" Mtaliano aliuliza.

"Alikuja kubadilisha kitambaa, wewe ukiwa kitandani. Alilia siku nzima akishona. Nikamhurumia, nikamwambia nisichopaswa kumwambia mtu." Akameza mate. "Hilo kochi humrudisha anayekwenda. Lakini halirudishi bure. Lazima mwingine aingie badala yake. Sijui nani alilianza. Mimi nililikuta kwetu. Nilipokuwa mdogo niliugua nikakata kauli, na mama yangu… mama yangu naye yumo humo."

Mtaliano akakumbuka. Mkewe alirudi jioni moja kutoka kazini, amepauka, akalala bila kusema neno. Wiki ile ile yeye akainuka kitandani, akaomba uji. Na wiki ile ile mkewe akaanza kukohoa. Miezi yote hii alijua kwamba yeye ndiye aliyemwambukiza. Hilo pekee lilikuwa limemkausha mwili. Kumbe mwenzake alikwenda mwenyewe, kwa miguu yake, na sindano mkononi.

"Kwa nini umeniita mimi?" akanong'ona.

"Alisema likifumuka, asilishone mtu mwingine. Uitwe wewe, mumewe." Mama akafuta uso. "Wiki hii limeanza kufumuka lenyewe. Kila asubuhi naliona limezidi."

Mtaliano akageuka, akashika mkasi kwa mikono miwili.

"Fundi, ukikata yote wewe hufiki getini."

"Nisifike!"

Akakata. Mmoja, mwingine, mwingine. Hakuwa anaona vizuri kwa machozi. Harufu ya karafuu ikapanda mpaka ikamwasha puani. Akakata tena, kifua kikambana, akakohoa, na mdomoni akasikia ladha ya chuma.

Ndipo akasikia…

Tiki.

Tiki.

Uzi ukipenya kwenye kitambaa. Ukivutwa. Ukikazwa.

Akatazama chini. Mahali alipokata kwanza palikuwa pamefungwa. Mishono midogo ilikuwa inajitokeza mmoja baada ya mwingine, imelala kushoto, ikiufuata mkasi. Alikuwa akifungua juu, na kuna aliyekuwa akifunga chini. Kutoka ndani.

"Mama," Mtaliano alilia, "niache. Niache nikutoe. Tafadhali, mke wangu."

Uzi ukasimama.

Kisha kutoka ndani ya mahameli, chini kabisa, kwa sauti iliyochoka ya mtu aliye nyumbani kwake, swali likatoka.

"Mtoto amekula?"

Mtaliano akaweka paji la uso kwenye kochi. Binti yao wa miaka tisa alikuwa nyumbani, na ufunguo shingoni, akimngoja.

"Bado," akasema.

"Haya. Nenda basi."

Uzi ukaanza tena. Safari hii hakuuzuia. Alishikilia kingo za kitambaa zikae sawa, kama alivyomshikilia miaka yote, mpaka mshono wa mwisho ukafika kwenye vidole vyake. Hapo palikuwa na joto. Kisha pakapoa.

Kesho yake asubuhi alirudi mbio. Hakujua anarudi kufanya nini. Geti lilikuwa wazi na sebule tupu, mapazia yameondolewa, na sakafuni zimebaki alama za miguu ya viti.

"Wamehama alfajiri, malori mawili," mlinzi alimwambia.

"Kwenda wapi?"

"Mama hakusema. Kochi moja alikataa lipakiwe na wengine. Alilishika mwenyewe."

Jioni ile Mtaliano alishindwa kuibeba siri hiyo peke yake. Alipompakulia binti yake chakula, akamwambia kwamba jana alimsikia mama yake.

"Uliota?"

"Hapana."

Mtoto akatua kijiko. "Alisema nini?"

"Aliuliza kama umekula."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia bado. Akaniambia nije."

Mtoto akaitazama sahani. Kisha akaisukuma taratibu mpaka katikati ya meza, akakunja mikono.

"Ungemwambia nimekataa, baba," akasema. "Angekuja mwenyewe."

Mtaliano alimbembeleza. Akamkaripia. Akapiga magoti kando ya kiti chake, akamwomba kwa machozi. Chakula kilipoa, utando ukakauka juu yake, na mtoto bado amekaa wima, hajagusa kitu, ameutazama mlango.